Uzi: Kuishi kwa fidla Mwanza: kupiga, kutunga na kufundisha. Wenye ujuzi tushushe nondo

#1 NyuziNne

Mwangaluka wakuu.

Humu linarudi swali moja kila baada ya miezi kadhaa: mtu aliyesomea fidla, au vayolini kama kwaya nyingi za huku zinavyoita, anaweza kuishi Mwanza kwa kazi hiyo? Wengi humwambia aende Dar, au atafute ajira nyingine abaki kupiga Jumapili. Jibu hilo linapoteza vipaji, na kosa lake ni la hesabu: watu wanahesabu maonyesho peke yake. Maonyesho hayatoshi Mwanza, na hata Ulaya ilikokulia ala hii yalikuwa hayatoshi. Mwitaliano Tartini (1692–1770) aliajiriwa kupiga katika kanisa la Mtakatifu Antonio huko Padua, akatunga konseto na sonata nyingi, na akafungua shule ya fidla iliyovuta wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Leopold Mozart alipiga kwenye jumba la askofu mkuu wa Salzburg, akatunga, akafundisha, na kitabu chake cha kufundishia fidla kilitoka 1756. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kawaida ya kazi hii.

Msimamo wangu: Mwanza kazi inasimama pale mpigaji anapotunga kwa ajili ya mikono aliyonayo mbele yake, yaani wanafunzi wake na kwaya zake. Masomo yanaleta fedha ya kila mwezi. Utunzi unawapa wanafunzi na kwaya kitu cha kupiga ambacho hawakipati kwenye kitabu chochote cha dukani. Kupiga hadharani kunafanya watu wajue ulipo. Ondoa kimoja uone viwili vilivyobaki vinavyodhoofika.

Naomba tuende kwa vipimo na hatua. Aanze anayeijua ala yenyewe, maana wengi wanakwama hapo hata kabla ya somo la kwanza.

#2 FundiMbao_Ilemela

Asante kwa uzi, mkuu.

Fidla nyingi za bei nafuu zinafika kwenye boksi daraja, kile kijibao kinachobeba nyuzi, likiwa limelazwa, na halijamalizwa. Kiwanda kinaliacha nene na refu ili fundi alichonge. Mnunuzi analisimamisha vilevile, anakaza nyuzi, mtoto anabonyeza vidole vinauma, wiki ya pili anasema fidla ni ngumu. Ugumu ni wa daraja.

Kwa fidla ya 4/4, saizi ya mtu mzima, pima nafasi kati ya uzi na mwisho wa ubao wa vidole. Uzi wa E, ule mwembamba, uwe milimita 3 hadi 3.5, wa G, ule mnene, uwe 5 hadi 5.5, A na D ziingie katikati kwa mpangilio. Ukikuta G iko 8, si vidole tu vinavyoumia: uzi unavutika sana ukibonyezwa na noti inapanda, kwa hiyo mwanafunzi anaonekana hana sikio wakati sikio analo. Punguza juu ya daraja kwa tupa laini, kidogo kidogo, ukifuata mviringo wake. Ukilifanya bapa, upinde utagusa nyuzi mbili kwa mpigo. Ukingo wa juu ubaki na unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Vijifereji visiwe na kina. Uzi ulale theluthi yake tu, na upake risasi ya penseli ili uteleze wakati wa kutuni.

Mahali pa daraja ni kwenye mstari unaounganisha vile vikato vidogo vya ndani vya matundu ya f. Uso unaotazama mkia usimame wima. Kila unapokaza nyuzi, daraja linavutwa juu kuelekea ubao wa vidole. Ukipuuza, linapinda kama kijiko, na siku moja linaanguka kwa kishindo hadi kupasua kifuniko, yaani ubao wa juu. Mazoea ya kumfundisha mwanafunzi tangu mwanzo: baada ya kutuni, itazame fidla kwa ubavu, na kama daraja limeinama, lirudishe kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili.

Sasa nguzo ya ndani. Ni kijiti cha mti mlaini chenye kipenyo cha milimita 6 hivi, kinasimama bila gundi nyuma kidogo ya mguu wa daraja upande wa E. Kinachokishikilia ni mgandamizo wa nyuzi. Ukilegeza nyuzi zote nne kwa pamoja kinaweza kuanguka, ndiyo maana tunabadilisha uzi mmoja mmoja. Ukitikisa fidla ukasikia kijiti kinagongagonga ndani, legeza nyuzi na usizikaze tena mpaka kisimamishwe. Bila nguzo kifuniko kinabonyea.

Gundi ya fidla hupikwa kwa ngozi za wanyama, na inalegea kwa joto na unyevu. Imechaguliwa makusudi: mti ukivimba au kusinyaa, maungio yafunguke kabla mbao hazijapasuka. Ukiiacha ala kwenye gari lililoanikwa juani mchana, au ikisafiri kwenye dashibodi ya daladala, unaomba maungio yafunguke. Kupima: gonga taratibu kwa kifundo cha kidole ukizunguka ukingo wote. Penye gundi nzima sauti ni kavu, tak tak. Ukifika palipoachia inageuka, inakuwa na mlio wa mtikisiko kama karatasi. Usitie supaglu wala gundi nyeupe ya mbao. Siku fundi akihitaji kuifungua atavunja mbao.

Kigingi kikiteleza, paka chaki ya ubaoni kidogo, kisha kizungushe huku ukikisukuma ndani. Kikigoma, sabuni kavu kidogo.

#3 MamaNyakato

Shikamooni walimu. Nina mtoto wa miaka 8, duka limenambia nichukue ya 4/4 ili akue nayo. Ni sawa?

#4 NyuziNne

Marahaba mama. Hapana, usikubali. Fidla hainunuliwi kama sare ya shule. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto ubavuni, kiganja juu, upime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Takribani sentimita 47 ni 1/4, 51 ni 1/2, 56 ni 3/4, na kuanzia 59 ndiyo 4/4. Akiangukia katikati, chukua ndogo. Umri wa miaka 8 kwa kawaida unaangukia 1/2 au 1/4. Kubwa kupita kiasi inamlazimisha kunyoosha kiwiko chote, kidole cha nne hakifiki, kiganja kinakunjika na kushika shingo ya fidla. Tabia hiyo ikishaota, kuiondoa ni kazi ya mwaka.

Kama walimu wawili watatu wa mjini wana fidla ndogo, mbadilishane: mtoto anayekua anarudisha 1/4 anachukua 1/2. Inaokoa fedha za wazazi wengi.

#5 MwalimuSolfa

Nashukuru FundiMbao ametangulia. Nitazungumzia miezi 3 ya kwanza, kwa sababu hapa Mwanza tuna hazina ambayo walimu wengi wanaikanyaga: watu wanasoma solfa, zile nota za herufi d, r, m. Mwanakwaya wa Nyamanoro anaimba mstari wa solfa papo kwa papo, halafu mwalimu wa fidla anamwambia "sahau hiyo, anza nota upya". Ni kosa.

Angalia uzi wa D na uzi wa A kwenye kii ya D, yaani D ikiwa ndiyo d:

D wazi = d, kidole 1 = r, kidole 2 = m, kidole 3 = f
A wazi = s, kidole 1 = l, kidole 2 = t, kidole 3 = d'

Kila mwanakwaya anajua m–f na t–d' ni nusu toni. Kwenye fidla nusu toni maana yake vidole vinagusana. Kwa hiyo kidole 2 na 3 vinagusana kwenye nyuzi zote mbili, 1 na 2 vinaachana. Umemaliza. Hamishia mkono huohuo kwenye nyuzi za G na D, unapata kii ya G. Hamishia kwenye A na E, unapata kii ya A. Kii tatu kwa umbo moja la mkono. Mwenye solfa analielewa hili ndani ya somo moja. Asiye nayo huchukua wiki.

Tahadhari kwa wapiga kinanda wanaohamia fidla: kwenye kinanda kidole gumba ni 1. Kwenye fidla 1 ni kidole cha shahada, gumba halihesabiwi. Wanachanganya kwa wiki nzima wasipoambiwa.

Mpangilio wangu: wiki 2 za kwanza ni upinde na nyuzi wazi tu. Gumba limekunjwa, kidole kidogo kimesimama juu ya mti, upinde unakwenda sambamba na daraja. Kosa kubwa ni upinde kupinda baada ya nusu yake, kwa kuwa mwanafunzi anavuta mkono mzima kwenda nyuma ya mgongo. Kutoka katikati hadi ncha, kinachofanya kazi ni kiwiko kufunguka kwenda mbele. Mweke mbele ya kioo, au ukutani bega la kulia likigusa ukuta ili mkono ukose pa kwenda nyuma.

Wiki ya 3 hadi 6, vidole kwenye D na A kwa solfa. Wiki ya 7 ndipo naleta nota za mistari mitano, na naileta kupitia nyimbo ambazo tayari zimo vidoleni. Mwezi wa 3 mwanafunzi anasoma vyote viwili.

Nyongeza kuhusu rozini mpya, ule utomvu mkavu wa kupaka upinde: ni laini kama kioo na haishiki. Ikwaruze kwa msasa kwanza. Mwanafunzi anapolalamika upinde hautoi sauti kabisa, mara tisa kati ya kumi ni hilo, au ameshika singa kwa vidole vyenye mafuta.

#6 Kijana_wa_Pasiansi

Mwalimu, alama za tepu kwenye ubao wa vidole vipi? Kuna wanaosema zinaua sikio.

#7 MwalimuSolfa

Zinaua sikio zikikaa mwaka. Miezi 4 hadi 6 zinasaidia, zaidi ukiwa na darasa la watoto 8 na huwezi kusimama kwa kila mmoja. Kwa 4/4 yenye uzi wa milimita 328 kutoka kizingiti cha juu hadi daraja, weka hivi ukipima kutoka kwenye kizingiti: kidole 1 milimita 36, kidole 2 milimita 68, kidole 3 milimita 82, kidole 4 milimita 109. Ukumbuke cha 3 ni robo ya uzi na cha 4 ni theluthi, kwa hiyo kwa fidla ndogo unagawa mwenyewe.

Halafu mfundishe kukagua kwa mlio. Kidole 3 kwenye D ni G. Kikiwa sahihi, uzi wa G ulio wazi unatetemeka wenyewe bila kuguswa. Mwonyeshe kwa macho: uzi unaonekana kama umefifia kingo. Akikosea kwa upana wa unywele, unatulia. Kidole 4 kwenye D kilingane na A wazi. Mtoto akishaona uzi unamjibu, hatakuuliza tena kama amepatia. Hapo unabandua tepu ya 3 kwanza, kisha ya 1, na ya 2 mwisho.

#8 Mtunzi_Igogo

Sasa utunzi. Nitazungumzia mambo mawili, kazi za darasani na sehemu ya fidla kwenye kwaya.

Darasani. Wanafunzi hawalingani: yupo wa mwezi mmoja, yupo wa mwaka, yupo wa miaka mitatu. Andika wimbo mmoja wenye mistari mitatu. Wa chini anapiga nyuzi wazi D na A kwa mdundo. Wa kati anapiga umbo lile la mkono alilolieleza MwalimuSolfa. Wa juu anapanda hadi B ya juu kwenye uzi wa E, ambayo ni kidole 4, mwisho wa nafasi ya kwanza. Baa 32, yaani vipimo vya mdundo, zinatosha, kwa vipande vya baa 8. Mstari wa nyuzi wazi uwe na kazi yenye heshima; usimpe mtoto baa 32 za D ndefu. Mpe mdundo ambao wimbo ukiukosa unaanguka.

Na midundo tunayo. Bugobogobo ni ngoma ya kilimo ya Wasukuma, jembe lenyewe likiwa sehemu ya mchezo. Ina mkupuo unaofaa sana upinde mfupi wa nusu ya chini. Ukiiandika, fikiria mkono wa kulia: mdundo wa pigo refu moja na fupi moja unatumia upinde mwingi kwenda na mdogo kurudi, baada ya baa mbili mwanafunzi yuko nchani na hana pa kwenda. Dawa ni mbili: ama pigo fupi lirudi haraka na jepesi kwa urefu uleule, ama uunganishe pigo refu na fupi kwenye upinde mmoja. Andika alama za upinde mwenyewe kila baa, usimwachie mwanafunzi abuni.

Ziwa letu lina fidla zake pia. Orutu ya Wajaluo na endingidi ya Waganda zina uzi mmoja na zinapigwa kwa upinde. Hazina ubao wa vidole, kidole kinaubana uzi bila kuufikisha kwenye mti, ndiyo maana noti zao zinateleza kuingia mahali pake. Kwenye fidla unapata ladha hiyo kwa kuteleza kidole 1 kutoka chini kidogo ya noti, na uzi wa jirani ulio wazi ukilia chini yake. Mganda Justinian Tamusuza amefanya kazi ya namna hii kwa kwarteti ya nyuzi, yaani kundi la wapigaji wanne, na Kronos Quartet wa Marekani wakairekodi kwenye albamu yao ya 1992. Njia ipo.

Kwenye kwaya. Kosa la kwanza: fidla kupiga sauti ya kwanza noti kwa noti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inafunika maneno, na soprano zikishuka kidogo mgongano unasikika hadi mlangoni. Kanuni ninayoitumia: kwenye beti, fidla inyamaze au ishike noti ndefu chini ya alto; kati ya mistari, ijibu kwa baa moja au mbili; kwenye kiitikio cha mwisho, ipige sauti ya tatu ikiipandisha oktava moja, siyo ya kwanza. Sauti ya tatu ikipandishwa inasikika kama wimbo mpya na haigombani na mtu.

Kosa la pili ni kii. E flati ni tamu kwa kwaya lakini nyuzi za A na E zilizo wazi hazimo ndani yake. Mpigaji wa mwaka mmoja atapiga A kavu katikati ya wimbo kwa mazoea. Kama kwaya inafika, chagua D, G, A, C au F.

#9 KinandaKwanza

Hapo kwenye kii naomba msaada. Mazoezi tunafanya G, siku ya ibada mwalimu ananiambia "pandisha", nabonyeza kitufe cha kinanda tunakuwa A flati. Mpiga vayolini anabaki amesimama.

#10 Mtunzi_Igogo

Kinanda kinapanda kwa kitufe, fidla inapanda kwa kubadilisha vidole vyote. Makubaliano yaandikwe juu ya karatasi ya wimbo: kii, na "haipandi". Kama mwalimu anapenda kupandisha, mwombe apandishe toni nzima, G iende A. Mpiga fidla aandikiwe nakala mbili tangu mazoezini. Halafu kabla ya kuanza, fidla itunie A ya kinanda, na kinanda kikaguliwe A yake iko hezi 440. Vingine vimeachwa 442 na mtu aliyekitumia mwisho.

Umeme ukikatika katikati ya misa, fidla ndiyo inayoshika kwaya. Mpigaji awe na noti ya kuanzia ya kila sauti kwenye karatasi yake.

#11 MikatabaKwanza

Fedha na karatasi, kwa kifupi kwa sababu zinaeleweka.

Masomo: toza kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi, masomo 4. Anayeahirisha chini ya saa 24 amelitumia somo lake. Liseme siku ya kwanza mbele ya mzazi, tena kwa maandishi.

Harusi na sendofu: usihesabu dakika 40 za kupiga. Hesabu kupanga nyimbo mbili wanazozitaka maarusi, tuseme saa 3. Mazoezi na MC au mpiga kinanda, saa 1. Kwenda, kufunga vyombo na kusubiri, saa 3. Hiyo ni karibu siku nzima. Kianzio nusu kabla ya kupanga nyimbo, kwa kuwa kazi inaanzia hapo.

Utunzi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki inakuwepo kazi ikishatungwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kwaya ikikuomba wimbo, andikeni nani anamiliki wimbo, nani anamiliki rekodi, na jina lako likae wapi kwenye video. Ni vitu vitatu tofauti, na karibu kila ugomvi unatokana na kuvichanganya. Nyimbo za jadi nazo zina ulinzi ndani ya sheria hiyohiyo, kwa hiyo kabla ya kuuza rekodi yenye ngoma ya jadi pita kwanza BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na andika "wa jadi, umepangwa na". Usiandike umetunga.

#12 SautiFundi

Naongeza la spika, maana kumbi za huku zinaua sauti ya fidla. Kifaa cha kubandika kwenye daraja ukikichomeka moja kwa moja kwenye mixa kinatoa sauti nyembamba ya kukwaruza. Kinahitaji priampu ndogo (kikuza sauti cha awali) katikati, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi. Maiki ndogo ya kubana pembeni inatoa sauti ya asili zaidi lakini inataka volti 48 kutoka kwenye mixa. Uliza kabla ya kufika. Kata chini ya hezi 160, kwa kuwa noti ya chini kabisa ya fidla ni hezi 196, chini ya hapo ni feni na nyayo tu. Punguza kidogo kati ya kilohezi 2.5 na 4 ikiwa inachoma masikio. Simama nyuma ya mstari wa spika, la sivyo itapiga filimbi.

#13 Kijana_wa_Pasiansi

Wakuu, huyu mtu anafundisha jioni, anatunga usiku, Jumamosi harusi, Jumapili kwaya. Yeye mwenyewe anafanya mazoezi saa ngapi? Na si bora achague moja?

#14 NyuziNne

Swali zuri. Anza na mfano wa Grażyna Bacewicz, Mpolandi, 1909 hadi 1969. Alisoma fidla na utunzi Warsaw, akaenda Paris kusoma utunzi kwa mwalimu Nadia Boulanger, 1936 hadi 1938 akawa mpigaji kiongozi wa okestra ya redio ya Poland, akafundisha huko Łódź. Alitunga konseto 7 za fidla na kwarteti 7 za nyuzi. Kwarteti ya nne ilishinda tuzo ya kwanza Liège mwaka 1951. Mwaka 1954 alipata ajali mbaya ya gari, akaacha kupiga hadharani katika miaka iliyofuata. Angekuwa mpigaji tu, kazi ingekuwa imekwisha. Aliendelea kutunga, na kuanzia 1966 akafundisha utunzi Warsaw. Mkono wa kushoto unaweza kuumia hata kwa kubeba maji. Anayechagua moja anaweka kila kitu kwenye vidole vinne.

#15 MwalimuSolfa

Nakubali nusu, mkuu. Bacewicz alisomeshwa vizuri tangu utotoni, na nchi yake ilikuwa na redio yenye okestra na vyuo vya serikali vya kumwajiri. Sisi tunaanza na darasa la Jumamosi. Kwa hiyo ratiba ndiyo itakayomwokoa. Muda wa saa 1 na nusu kila asubuhi, kabla ya simu ya kwanza, siku 6 kwa wiki: dakika 10 upinde mrefu kwenye nyuzi wazi, 20 skeli za oktava tatu, 25 zoezi moja la kitabu cha mazoezi cha Kreutzer, kisha pumziko la dakika 5, na 30 kipande anachokiandaa. Kufundisha kwa kupiga pamoja na mwanafunzi hakuhesabiwi kama mazoezi, kwa sababu masikio yako yako kwake. Shingo au gumba la kushoto likianza kuuma, ongeza kimo cha kiegemeo cha bega kwanza kabla ya kupunguza saa. Maumivu mengi yanatokana na kidevu kushuka kuitafuta fidla.

#16 MamaNyakato

Ahsanteni sana walimu. Na mitihani? Nasikia mtoto anaweza kufanya wa Uingereza akiwa hapahapa.

#17 NyuziNne

Ndiyo mama. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya huko, wana madaraja 8, na tangu 2020 upo mtihani wa kurekodi video: vipande 4 mfululizo bila kukata, kila kimoja alama 30, na alama 30 za onyesho zima, jumla 150. Kufaulu ni 100, alama za juu kabisa zinaanzia 130. Kuanzia daraja la 6 sharti awe amefaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani mbadala wanaoukubali, na watoto wengi wanakwama hapo kwa sababu nadharia ilianza wamechelewa. Mtoto wa solfa aanze nadharia mapema, kichwani tayari ana nusu yake. Vipande vyenye piano vinataka msindikizaji. Mpiga kinanda wenu wa kanisani apewe karatasi miezi 2 kabla.

Akitaka kusonga mbele bila kutoka nchini, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, kuna Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha, na kuna Dhow Countries Music Academy Zanzibar, ambako fidla inafundishwa pamoja na udi na kanuni, ala za nyuzi za taarabu. Kila mpiga fidla Mtanzania aipigie taarabu saluti, ndiyo iliyoishika ala hii miaka yote.

#18 Kivuko_Ukerewe

Nina maswali mawili. Nina wanafunzi 5 Nansio, nakwenda na meli kila wiki ya pili, fidla zinafika zimepoteza kutuni kabisa na vigingi vimekaza. Na masika huku darasa lina paa la bati, mvua ikianza hakuna kinachosikika.

#19 FundiMbao_Ilemela

Unyevu wa ziwani unavimbisha vigingi, vinang'ang'ania tunduni. Usizungushe kwa nguvu, kichwa cha kigingi kitavunjika. Legeza nyuzi robo mzunguko kabla ya kupanda meli, moja moja, zisiache daraja likitikisika. Kaa na boksi ndani, mbali na sitaha na injini. Weka ndani yake vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, viwili vitatu, uvikaushe juani kila wiki. Ukifika, acha boksi limefungwa dakika 20 kabla ya kufungua. Upinde uwe umelegezwa kila wakati: singa zinabadilika urefu kwa unyevu, na upinde ulioachwa umekazwa hunyooka, ukapoteza ule mviringo wake wa ndani.

#20 MwalimuSolfa

Kuhusu bati: usigombane na mvua. Panga mapema kazi za mvua. Kuandika solfa kwenda mistari mitano, kupiga makofi midundo ya wiki ijayo, kubadilisha uzi, kusafisha vumbi la rozini kwa kitambaa kikavu, kushika upinde mbele ya kioo bila kupiga. Na lile zoezi la kidole 3 kwenye D: mwanafunzi apige, kisha atazame tu uzi wa G kama unatetemeka. Mvua ikiwa kubwa kiasi gani, macho bado yanaona.